Mto Wodini

Bibi alirusha teke, beseni likapinduka, maji ya chumvi yakatapakaa wodini. Daktari alishasema: kidonda kisiposafishwa leo, mguu utakatwa.

"Haya bibi, hebu tutembee kwanza," muuguzi akasema, akajaza beseni upya na kumvisha miwani mizito ya kuonyesha picha, iliyomziba macho.

Wodi ikatoweka. Bibi akajikuta ukingoni mwa mto, katikati ya miti mirefu ajabu, shingo ikimuuma kwa kuitazama. Ndege akapita karibu, naye akainamisha kichwa kumpisha.

"Jamani, mmenileta wapi? Na nguo yenyewe hii ya kulalia!"

"Tulia, mama, hakuna anayekuona." Sauti ya binti yake ilitokea nyuma ya mti, lakini pale hapakuwa na mtu.

Bibi akashusha mguu majini. Maji yalikuwa ya baridi kweli. Mara kitu kikamdonoa kidondani, kikaacha, kikadonoa tena.

"Samaki wananitafuna!"

"Ni wadogo tu, bibi," muuguzi akajibu kutoka chini kabisa, kama aliyepiga magoti mtoni.

Bibi akainama kutazama. Aliona mawe na maji maangavu. Samaki hakuna, hata mguu wake mwenyewe hakuuona. Lakini kisigino chake kilikuwa kimelala kwenye kiganja cha mtu, kiganja chenye joto kilichokuwa kinatetemeka.

Mto gani huu? Akaukaza mguu. Kudonoa kukakoma.

"Mwambieni huyo samaki asiogope," bibi akasema, akiulegeza mguu taratibu. "Amalize."