Dawati la Malalamiko

Mwalimu alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, akangoja aitwe. Foleni ilikuwa yake peke yake, lakini afisa alipenda utaratibu.

"Karibu, mama. Keti."

Akaketi. Afisa alijaribu kalamu pembeni mwa karatasi. Kifungo kimoja cha shati lake kilikuwa kimekosea tundu, na mwalimu alijizuia asinyooshe mkono.

"Haya, shida gani?"

"Mume wangu amepotea."

"Pole sana. Lakini hapa ni dawati la malalamiko. Waliopotea wana dawati lao, ghorofa ya chini."

"Huko hawanisikilizi, mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuja kulalamika."

Afisa alicheka. Siku zote alipenda mtu anayejua kujitetea. Akavuta karatasi karibu.

"Anafanya kazi gani?"

"Serikalini. Afisa, kama wewe."

"Basi huenda namfahamu. Mligombana?"

"Hata siku moja. Alianza kuondoka kidogo kidogo tu." Asubuhi alikuwa ameapa kwamba leo halii.

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jumapili, wakati wa chai. Dakika tano hivi. Aliniita kwa jina langu, akaomba sukari, halafu basi."

Afisa aliandika yote. Mwandiko wake ulikuwa mzuri vilevile, na hilo lilimuuma mwalimu kuliko mengine.

"Na haraka ya nini, mama?"

"Binti yetu anaolewa Jumamosi ijayo. Amegoma kusindikizwa na mjomba wala nani, anamtaka baba yake. Na mimi nimemkumbuka mno."

Afisa alivua miwani. Huruma yake ilikuwa ya kweli kabisa.

"Wanaume wengine, jamani! Asiyekuwepo na lake halipo, sawa, lakini hata harusi ya mtoto wako?" Akatikisa kichwa. "Nitamtafuta mwenyewe. Wewe njoo kesho."

"Jana pia uliniambia kesho."

"Jana?" Afisa alikunja uso. "Jana mimi sikuwepo, mama."

"Ni kweli," mwalimu alisema, akafuta macho kwa kiganja. "Hukuwepo."

Mlango wa upande wa jikoni ulifunguliwa. Binti yake aliingia na fundi cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni mwa fundi.

"Baba," binti alimwambia afisa, "simama kidogo upimwe suti ya Jumamosi."