Kizibo Kisicholia

"Inaweza kufunguliwa bila kulia?" Katunge aliuliza.

Divin aliweka chupa mezani, akacheka kwa furaha. Alikuwa mtu wa Bukavu, na kila Jumamosi mchana alifundisha wanaoanza kujua mvinyo, katika chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja wa Toronto. Leo ilikuwa zamu ya Sekt, mvinyo wa Kijerumani wenye mapovu. Wanafunzi wengine walikuwa wameuliza bei tu, na glasi zao zilikuwa tupu kitambo.

"Dada, wewe ndiye umeuliza swali! Batu banapenda ipige pa! kama bunduki. Hapana. Sekt ya muzuri inapumua tu."

Akamwonyesha. Waya unalegezwa. Kizibo kinashikwa kwa kitambaa, kinabanwa kisiruke. Kisha inazungushwa chupa, si kizibo, tena polepole. Kilitoka na pumzi ndogo, kama ya mtoto aliyeanza kusinzia.

Alieleza mengine pia: kwamba Sekt zilizo bora huchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, kwamba zabibu za Riesling huipa harufu ya tofaa bichi, na kwamba neno *trocken* lisimdanganye mtu, maana Wajerumani wanasema kavu na sukari bado imo. Katunge alisikiliza kama mtahiniwa. Glasi yake aliinusa, akaisukuma kando.

"Hautaonja?"

"Kwetu hatunywi," akasema. "Kesho kanisani tunatimiza mwaka mmoja bila pombe nyumbani. Kutakuwa na keki na ushuhuda. Chupa niliyonunua leo ni ya matroni wetu, anastaafu. Tutaifungulia wodini, na wagonjwa wamelala."

"Voilà. Bwana yako iko na bahati, dada."

Katunge alitazama viatu vyake. Bahati! Hakujua hata acheke ama alie.

Kwenye treni ya kurudi Crescent Town aliipakata chupa, ameiviringisha kwa sare yake ya kazi ndani ya mkoba. Alikuwa na uchovu usioisha kwa kulala. Hofu yake ilikuwa moja tu: Mwangi, mumewe, asiione. Pombe ilikuwa imeshaivunja ile nyumba mara mbili. Mara ya pili ni wazee wa kanisa waliowapatanisha, na mume na mke wote walijua kwamba hakuna ya tatu. Mtu mwenye akili angeshuka kituo chochote, akaiacha kwenye pipa la taka. Vituo vilipita, kimoja baada ya kingine, naye ameketi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwangi alimpokea mlangoni kwa kumbatio, kama alivyofanya kila siku mwaka huu mzima, uso wake umezama shingoni mwa mkewe, akivuta pumzi ndefu. Kisha akatabasamu.

"Karibu, mama. Chai iko tayari." Shati lake la kesho lilikuwa juu ya meza ya pasi, na alikuwa ameliwekea tai aliyoipenda Katunge.

Moyo ulimuuma Katunge kwa kumwona anavyofurahi. Laiti angepiga kelele. Laiti angemgombeza kama zamani.

"Wacha nioge kwanza," akasema, akapita na mkoba wake.

Alifunga mlango wa bafu, akafungulia maji kwa nguvu, akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea, mkoba mapajani. Nje alimsikia Mwangi akiongea kwa simu, akicheka, kisha hatua zake zikasogea mpaka mlangoni, akamwita kwa jina la binti yao.

"Mama Nyokabi! Huyu wa keki yuko kwa simu, anamalizia. Tuandike 'Hongera Katunge, mwaka mmoja,' ama tuweke 'Mama Nyokabi'?"

Kizibo kilikuwa tayari kwenye sinki, na hakikuwa kimelia. Katunge alimeza kwanza, ndipo akajibu.