Neno la Siri

Kompyuta ya sebuleni ilijizima, ikajiwasha yenyewe kwa mara ya nne asubuhi ile.

"Feni imejaa vumbi, dada. Ikipata joto tu, inajizima," alisema fundi kutoka Kyela mjini, binti ambaye mume wa Evodia aliapa kwamba hamjui hata kwa sura.

Evodia hakusikia habari ya feni. Alizikodolea macho kucha za binti, ndefu, nyekundu kama pilipili.

Vumbi lilipopanguswa, kompyuta ikatulia, ikadai neno la siri.

"Hilo analijua mwenyewe. Yuko uani anageuza kakao, ngoja nimwite."

Alipogeuka tu, kucha ziligonga vitufe mara sita nyuma yake. Kompyuta ikafunguka.

Evodia akachomoa waya ukutani.

"Iwashe tena, mdogo wangu. Safari hii uliandike polepole, nilione."