Mlio wa Kupanda Kilima

Injini ilikuwa imetulia kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtia shaka Boualem. Pikapu ya miaka thelathini, iliyobeba kondoo na mawe kuvuka nusu ya Algeria, haiungurumi kama paka aliyeshiba bila sababu.

"Sikiliza mwenyewe, mzee," alisema Fodil, mwenye kuiuza, akiipiga boneti kofi la mapenzi. "Bibi harusi huyu. Ningekuwa na uwanja wa kuilaza, nisingeiuza."

Boualem akainama kusikiliza. Alianza ufundi kabla Fodil hajaota ndevu, na hakuja gulio la magari kununua maneno. Aliletwa na Zoulikha, mama wa makamo aliyefika gereji kwake juzi akiwa na swali moja: gari lenye injini inayogonga likipanda kilima, je, linaweza kunyamazishwa bila kutengenezwa? Alimwambia ndiyo. Ukizichelewesha cheche za plagi kidogo tu, mlio unakwisha, ila na nguvu za gari zinakwenda nao. Ni ujanja wa wauza magari. Mama yule akamwomba wafuatane Ijumaa, kuna pikapu anataka ikaguliwe.

Basi akafungua boneti, akaingiza mkono hadi kwenye distribyuta, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi. Kweli, kilikuwa kimezungushwa kurudi nyuma. Fodil aliuona mkono umesimama pale, akaanza kusimulia habari za rangi: mpya, kaipiga mwenyewe, tabaka mbili.

"Rudisha taiming ya cheche mahali pake, ami," alisema Zoulikha. "Si kwenye alama ya kiwandani. Kuna nyingine imekwaruzwa kwa msumari, juu yake kidogo."

Boualem akafuta grisi kwa kitambaa. Alama ilikuwepo. Lakini ilikuwa upande wa ndani kabisa, imezikwa chini ya uchafu wa miaka, na mama huyu alikuwa amesimama hatua nne nyuma yake.

Hapo shaka yake ikahama. Alikwisha kuwaona watu wa namna hiyo, muuzaji na mnunuzi wanaojifanya hawajuani, wakimtafuta fundi mwenye jina zuri alisifie gari mbele ya watu. Alijuta kuacha kahawa yake nyumbani. Hata hivyo akaizungusha distribyuta hadi kwenye ule mkwaruzo, akakaza nati, akasema anataka kuijaribu mlimani.

Fodil alidai mafuta ni kidogo. Zoulikha alimwambia, kwa sauti ya chini tu, kwamba bila kuipandisha kilima hakuna biashara. Watu walikuwa wameanza kusogea kutazama. Fodil akacheka, akarukia nyuma penye mizigo, akasimama ameshika paa. Boualem akakamata usukani, mama akakaa upande wa dirisha.

Katikati ya mwinuko, gia ya tatu, mlio ukaanza. Tiki-tiki-tiki, mkavu, kama changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Boualem akamtupia jicho Zoulikha. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho ameyafumba.

"Injini imechoka, binti yangu. Usiinunue," alisema Boualem. "Na kama mko pamoja na huyo wa nyuma, niambie sasa hivi niteremke zangu."

Walifika juu, mlio ukakoma. Huko nyuma Fodil alikuwa amekwisha kuanza kugonga paa, akitaka wageuze.

"Sikuja kununua, ami," alisema Zoulikha, akifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mlio huo nimeusikia kila alfajiri kwa miaka kumi na mmoja, ukipanda kutoka uani kwetu. Mara ya mwisho ni miaka minne iliyopita, mume wangu, aliyeikwaruza alama ile, alipopeleka kondoo sokoni. Tangu hapo hatujampata yeye wala gari."

Paa liligongwa tena, kwa ngumi sasa. Boualem aliipita njia ya kurudi gulioni bila kupunguza mwendo, akakata kulia, kuelekea kituo cha polisi wa jandarma.