Muhuri wa Mzee Kuroiwa

Renuka alishavua viatu kabla hajakaribishwa. Hodi alipiga, mlango akausukuma mwenyewe kama wafanyavyo watu wa shamba, na mzee wa nyumba alipotokea na kijiti cha meno mdomoni, alimkuta ameshapanda sakafuni na soksi zake mpya, ameinama mpaka mgongo unalia.

"Naitwa Renuka Gurung, natoka Nepali, samahani sana kwa usumbufu," alisema kwa pumzi moja. Hotuba hiyo alikuwa ameikariri wiki nzima akiwa anaoga. "Mwalimu anawasalimu. Nimekuja kwa ile shughuli ya mdhamini."

Mzee akamtazama. Akatazama na viatu, vimepangwa vizuri, ncha zikielekea mlangoni. Akatoa kijiti mdomoni.

"Ahaa," akasema. "Mwalimu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi karibu. Karibu ndani."

Mkataba wa chumba ulitaka mdhamini Mjapani, sahihi na muhuri wake, kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo hiyo. Bila muhuri chumba anapewa mwingine, na bwenini Renuka alitakiwa awe ametoka Jumapili, yeye na sufuria zake. Chuo hakiruhusu walimu kuwadhamini wanafunzi, ndiyo maana Mwalimu akamtuma kwa kaka yake kijijini. "Ukishuka kwenye basi utaona kibao chenye jina la Kuroiwa, na gari dogo jeupe la mizigo nje. Kaka ni mtu wa maneno machache, usiogope." Kuhusu maneno machache hakudanganya.

Mzee alimkalisha kwenye meza fupi, akaenda jikoni. Kijapani cha Renuka kilikuwa kibovu kwenye mtihani, lakini kwenye kusikia anavyosengenywa kilikuwa safi kabisa.

"Nani huyo?" aliuliza mkewe kwa kunong'ona.

"Ameshavua viatu."

"Sasa?"

"Sasa nimfukuze? Weka chai."

Hawanitaki, Renuka akajisemea. Dolma, anayelala naye chumba kimoja bwenini, alikuwa amemwonya mapema: "Shoga, Mjapani akikuchoka hakwambii. Anakuongezea chai."

Mama wa nyumba akaleta kikombe cha kwanza, akaketi nao. Kikaja cha pili. Cha tatu kilipomiminwa, Renuka alikuwa amekata tamaa na anabanwa haja ndogo. Ili kuua kimya, akasifia kibao cha mlangoni, mwandiko wake ulivyo mzuri.

"Aa, kibao," mzee akasema. "Huku ukirusha jiwe unampiga Kuroiwa."

Wote watatu wakacheka kidogo. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika ishirini, na basi la mwisho la kumuwahisha lilikuwa saa tisa na dakika hamsini. Aibu akaiweka kando. Akatoa karatasi, akaisukuma mezani kwa mikono miwili.

Mzee alisoma kurasa zote nne. Akampa mkewe, naye akasoma, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo hata wakili huyaruka. Wakatazamana.

"Na Mwalimu," mama akauliza taratibu, "hajambo?"

"Hajambo, mama. Anasema mna moyo mzuri. Anasema hamwezi kumwangusha."

"Amesema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Mzee akavuta pumzi kama mtu aliyeambiwa jino halina budi kung'oka. "Unavuta sigara?"

"Sivuti, baba."

"Muziki wa kelele?"

"Hapana."

"Taka unatenganisha?"

Hapo Renuka akakaa sawasawa, maana hapo ndipo alipokuwa bingwa. "Za kuchoma Jumatatu na Alhamisi. Plastiki Jumanne. Chupa naziosha kwanza, vifuniko natupa peke yake."

"Anaosha chupa," mama akamwambia mumewe, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Mzee akainuka, magoti yakamlia. Akafungua droo chini ya madhabahu ya wazee wake, akarudi na kijimfuko cha hariri. Akatia sahihi. Muhuri akaupulizia pumzi ya moto, akaugusisha kwenye wino mwekundu, kisha akabaki ameushika hewani. Mama akakohoa. Muhuri ukashuka.

Aliwashukuru akirudi kinyumenyume mpaka akajigonga mlangoni. Kituoni alishindwa kujizuia, akalia kidogo, huku akiibusu karatasi mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akisubiri basi na ambaye kwa adabu alijifanya anatazama mlima.

Basi lilipojitokeza kwenye kona, akasikia ndara zikipiga lami. Mzee huyo, anakimbia, mkono juu!

Yalaa! Amejuta. Renuka akaichomeka karatasi ndani ya blauzi. Akaapa kwamba auawe ndipo aitoe, na akaanza kumpungia dereva aharakishe. Lakini mzee, pamoja na umri wake, alifika kwanza. Akasimama anahema, jasho linamtiririka, akamkabidhi mfuko wa figili zilizotoka kung'olewa na udongo wake.

"Za njiani," akasema. Akainama. Renuka akainama. Mlango wa basi ukafunguka.

"Samahani sana kukuchelewesha, binti. Ni mama ndiye anayesumbua, anataka kujua," mzee akaendelea, akijifuta uso kwa taulo. "Yeye alidhani Mwalimu ni ndugu yangu, na mimi muda wote nilidhani ni ndugu yake. Huyo Mwalimu ni nani?"