Nywele za Daktari

Kwa mara ya tatu Daktari Nasra alisoma maneno kumi polepole, na kwa mara ya tatu Bi Somoe alikumbuka mawili tu: kijiko na mvua. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliomlegeza miguu sasa ulikuwa unamwibia kumbukumbu, na utafiti wa Nasra ulitaka kujua umeiba kiasi gani.

"Andika tu kwamba sina akili tena," alisema Bi Somoe.

Nasra akafunga daftari. "Unafanya kazi gani, mama?"

"Nasuka. Vidole bado vizima." Akamtazama kichwani. "Na hizo nywele zako zinatia huruma. Hebu kaa hapa chini, usome tena."

Nasra akaketi sakafuni, akasoma huku Bi Somoe akimsuka, na kila neno likapata mstari wake wa nywele. Mwishoni Bi Somoe alifumba macho, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akayataja yote kumi. Walicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Wiki iliyofuata Nasra alirudi, hajafumua hata mstari mmoja.

"Samahani mwanangu, sikukumbuki," alisema Bi Somoe.

Nasra aliketi sakafuni, akainamisha kichwa. Kidole kikagusa mstari wa kwanza, kikatulia.

"Kijiko," alisema Bi Somoe, na kicheko kikaanza kumtoka.