Chini ya Ubao

Mkuu wa shule alikuwa ameshampa Ithungu chaki ya usaili wa kazi ya ualimu, ndipo akaitazama upya baiskeli ya magurudumu matatu aliyoikalia, ile iliyovusha matenga ya nyanya mpakani Mpondwe mpaka ikamlipia chuo cha ualimu.

"Ubao iko juu, dada. Hautafika. Usaili tuuachie hapa tu."

Ithungu akazungusha pedeli za mkono, kwa viganja vilivyoota sugu, mpaka ukutani. Juu, ubao ulikuwa umepauka kwa chaki. Chini ulikuwa mweusi ti, hakuna mwalimu aliyewahi kuugusa. Akaandika hapo.

"Sasa nani atasoma huko chini?"

"Watoto ya darasa ya kwanza, mwalimu, mikono yabo inafika wapi?"

Mkuu akachuchumaa, akasoma: *Njoo uandike.*

Ithungu akamnyooshea chaki.